Jino la Gia ya Pili

Mama Aziza alizikwa Ijumaa baada ya swala, nami nilifika Bujumbura Jumamosi mchana, vumbi la njia ya Kigoma likiwa bado kwenye nyusi zangu. Kwetu maiti hasubiri msafiri, kwa hiyo sikumlaumu mtu. Nilivua viatu mlangoni pa ua ule ule wa Buyenzi, nikasogezewa nafasi kwenye mkeka, na sahani ya wali na maharagwe ikawekwa mbele yangu kabla sijamaliza kuitikia salamu. Kijana aliyekuwa akigawa maji alimuuliza mwenzake mimi ni nani. Mwenzake akajibu bila hata kupunguza sauti: "Si ule fundi Shabani wa Kigoma? Ndiye alifunga bwati na marehemu, wakati ya vita." Bwati ndivyo watu wa Bujumbura tunavyoliita sanduku la gia, kwa kufuata Kifaransa. Nilitaka kumsahihisha yule kijana. Bwati tuliifunga pamoja, hilo ni kweli, lakini jino la gia ya pili lilitoka mikononi mwa Mama Aziza peke yake, na bila jino lile tungekuwa na sanduku zito la vyuma na basi. Badala yake nilikula wali wangu huku nikitazama pembe ya ua ambako siku hizi wanaegesha pikipiki, na mwaka ule ukanirudia mzimamzima, pamoja na harufu yake ya mazutu, yaani dizeli, na mandazi.

Harufu hizo mbili zilikuwa hazitenganiki. Garaji yetu ilikuwa ua tu: paa la mabati upande mmoja, shimo la kuingilia chini ya magari, na meza ya mbao iliyokunywa mafuta machafu mpaka ikawa nyeusi kama makaa, na juu yake jiliwa kubwa la chuma ambalo taya zake zingeweza kushika mguu wa ng'ombe. Ng'ambo ya pili ya ua, mbele ya chumba nilichopangishiwa, kulikuwa na jiko la Mama Aziza. Alfajiri alikaanga mandazi ya kuuza, mchana akapika kwa ajili yetu sote, na kati ya alfajiri na mchana alikuwa akisikia kila neno lililosemwa chini ya yale mabati. Mumewe, Fundi Hamza, alikuwa bingwa wa bwati katika mtaa uliojaa mafundi. Alikuwa na tabia ya kufanya kazi huku akijieleza kwa sauti, kama mtu anayemsomea kipofu barua: hii inaingia hapa, hii inasukuma ile, hii ikiliwa ile inalia. Mimi nilikuwa fundi wake wa pili, kijana wa miaka ishirini na kitu, na nilidhani maelezo yale yote ni yangu. Hakuna aliyejua kwamba msikilizaji wake mwingine, yule aliyekuwa akipepeta unga, hakuwa akipoteza hata neno moja.

Ulikuwa mwaka wa embargo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka kwa sababu ya siasa zetu, na vita vilikuwa vimezoeleka kiasi kwamba watu wakikutana asubuhi walianza kuulizana kama njia ya kaskazini imelala salama. Petroli iliuzwa kwa chupa, kama mafuta ya nywele. Vipuri havikuwepo kabisa. Duka baada ya duka kule mtaa wa Asiatique, wenye maduka walikaa mbele ya rafu tupu wakinywa chai isiyo na sukari. Katikati ya ua wetu ilikuwa imesimama gari, 404 ya rangi ya maziwa, ile ndefu yenye viti mistari mitatu na mkono wa gia kwenye usukani. Ilikuwa ya Mama Imelda, mkunga wa Gasenyi, kule mwisho wa mji. Yeye alikuwa Mkristo wa kwenda misa kila asubuhi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na kwa gari lile alikuwa ameshusha hospitali kina mama ambao hata hesabu yao alikuwa ameisahau. Injini yake ya petroli ilipokufa, wajawazito wa Gasenyi walirudi kubebwa kwenye ngobyi, machela ya mianzi inayochukuliwa mabegani na wanaume wanne. Mmoja alifia njiani, kwenye mteremko, kabla hawajafika lami. Mama Imelda alilisimulia jambo hilo mara moja tu, amesimama hapo uani, na tangu siku hiyo Hamza hakugusa gari jingine.

Mpango wa Hamza ulikuwa mzuri. Kulikuwa na pikapu iliyopinduka njia ya Rumonge. Mbele ilikuwa nzima, chini imepondeka. Injini yake ilikuwa ya mazutu, na mazutu bado yalipatikana, maana mitumbwi ya ziwani iliyaleta kwa njia zake. Injini hiyo ingeingia kwenye 404. Bwati ya pikapu ilikuwa imepasuka, lakini kofia yake, ile sehemu ya mbele inayokumbatia injini, ilikuwa haina hata ufa. Kwa hiyo Hamza angechukua kofia hiyo aifunge kwenye bwati kuukuu ya 404, na vya ndani angevichagua kutoka bwati zote mbili, kizuri cha hapa na kizuri cha pale, mpaka apate kimoja kizima. Alifungua zote mbili. Akavipanga vyuma kwenye mabeseni kwa utaratibu wake. Kila kitu kilipatikana isipokuwa kimoja: pinyo ya gia ya pili, lile gurudumu la meno ambalo bila hilo gari halipandi mlima. Ya pikapu ilikuwa imenyolewa meno yote kama mzee wa miaka mia. Ya 404 ilikuwa imekatika jino moja. Akaitia ya pikapu kwenye mfuko iwe mfano, akasema anavuka mpaka wa Gatumba, ambao mtu wa miguu bado aliupita, kwenda kuitafuta Uvira ng'ambo ya ziwa, atarudi kesho.

Kesho yake Uvira ikalipuka. Tulisikia mizinga ng'ambo ya ziwa, na kwa siku nyingi barabara ya Gatumba ikawa inaleta watu tu: wanawake wenye magodoro vichwani, wazee waliobebwa kwa baiskeli, watoto walioshikana nguo wasipoteane. Mama Aziza alikwenda kusimama pale barabarani kila siku baada ya kuuza mandazi. Aliwatazama usoni wote waliopita. Alirudi, akapika, akatutengea chakula, akaweka na sahani ya Hamza ikiwa imefunikwa. Na jioni ilipofika, kabla ya muda wa kutotoka nje, akaipeleka kwa mzee jirani asiyekuwa na mtu. Hakulia mbele yetu. Aziza, binti yake, alikuwa ameolewa mjini Ngozi na njia hazikupitika, kwa hiyo uani tulibaki yeye na mimi, na gari lisilo na injini.

Juma lile lile askari walikuja kupekua mtaa. Walikuwa wanatafuta silaha nyumba kwa nyumba, na mabeseni yaliyojaa vyuma vyenye mafuta yaliwatia shaka. Waliyamwaga yote. Vyuma vya bwati mbili vikachanganyikana mchangani, na vile virulu vyembamba kama sindano ambavyo pinyo huzungukia vikatawanyika ua mzima. Halafu mvua ikanyesha. Nilisimama chini ya mabati nikitazama maji yanavyovifunika tope, na nikawaza juu ya begi langu. Nilikuwa na ndugu Kigoma; begi lilikuwa tayari chini ya kitanda. Mama Aziza akatoka jikoni na chekeche lake la unga na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Akakunja kanga, akapiga magoti. "Kuya, Shabani," akaniita. "We anzia pale kwa shimo, mi naanzia huku. Mchanga wote tutauchekecha." Tukauchekecha. Ilituchukua mchana wa siku nyingi. Virulu tuliviosha kwenye kopo la mazutu, na kila kimoja alikizungusha kwenye vidole vyake, akakitazama dhidi ya mwanga, kisha akakiweka kwenye sahani nyeupe aliyokuwa akiwekea wageni tende.

Baada ya hapo ilikuwa tutambue kipi kinakaa wapi, na kipi ni cha bwati gani. Nilikuwa najua kufunga bwati ambayo nimeifungua mwenyewe. Hii ilikuwa rundo. Mama Aziza alitandika shuka kuukuu chumbani kwake, kwenye sakafu ya saruji aliyoipiga deki mpaka ikang'aa, tukakaa pande mbili za shuka kama watu wanaocheza bao. Yeye alianza na sauti ya mumewe. Alifumba macho na kusema, taratibu, maneno aliyoyasikia miaka yote ile akiwa jikoni: hii inaingia hapa, hii inasukuma ile. Mimi nilijaza majina. Pale maneno yalipokwisha, tulitazama makovu. Pinyo zilizokimbizana miaka mingi zilikuwa zimeachiana alama, na yeye alikuwa na jicho la kuziona alama hizo. "Iyi na iyi walikaa pamoja," alisema, akizigusanisha. "Angalia vile zimekulana." Nilizipima, na kweli zililala mahali pake bila kulazimishwa. Nimefungua bwati nyingi mno tangu siku ile, lakini sijawahi tena kuona furaha kama ile iliyompanda usoni taratibu, akiwa amejifunga kilemba cha kijani, na mafuta kwenye kidevu.

Mgeni alifika tukiwa bado kwenye shuka. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, koti la suti juu ya mwili na ndara miguuni. Alisema anaitwa Byamungu, mkerezaji wa vyuma wa Uvira, na kwamba ametafuta ua huu mtaa mzima. Fundi Hamza alikuwa ameingia kwenye karakana yake asubuhi ile ya mwisho, kuuliza pinyo. "Tulikuwa tunasema na yeye, ndipo masasi ikaanza," alisema Byamungu. "Batu bote balikimbia. Mi nilikamata njia ya Gatumba. Yeye nilimuona na macho yangu anakimbia upande ya ziwa, mufuko mukononi. Mama, hakukufa mbele yangu. Ni ile tu mi naweza kukuambia." Mama Aziza alimwuliza Hamza alikuwa amevaa nini. Alipotajiwa shati la mistari, alisimama, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji kuchemsha chai. Aliporudi alikuwa na birika, na mandazi, na uso uliooshwa. Byamungu alikula kama mtu aliyejizuia asile haraka. Kisha macho yake yakaangukia kwenye pinyo ya gia ya pili iliyokuwa peke yake pembeni mwa shuka. Akaiokota, akapitisha kidole kwenye pengo. "Jino moja tu?" akauliza. "Jino moja inaweza kupandikizwa. Lakini kulichonga ni kazi ya muda mingi sana. Mi nimepata kibarua kule Asiatique, sina muda ile."

"We chomelea," Mama Aziza akasema. "Kuchonga, niachie mimi."

Siwezi kuandika juu ya mwaka ule nikamwacha shemeji Saidi, kaka wa Hamza, aliyekuwa na lori Rumonge. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na wazee wawili, siku chache kabla ya Ramadhani, wakala ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mawese, wakasifu chakula, wakaosha mikono, kisha akasema alichokuja kusema. Hamza hayupo tena. Wote waliokimbilia upande ule wamepotea. Haifai mwanamke kukaa peke yake kwenye ua wa mafundi, tena wakati huu. Akae eda, vyombo vya kazi viuzwe kabla wezi hawajavichukua, halafu ahamie Rumonge akaishi na ndugu. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya chumba changu, nikijifanya nasafisha plagi. Mama Aziza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kukaribisha chai: "Shemeji, eda ni ya mufu. Nionyeshe kaburi yake, mi nitaanza leo." Saidi akakohoa. Akasema atarudi baada ya Idi, apewe jibu la mwisho. "Ukirudi baada ya Idi," akamjibu, "gari ya Mama Imelda itakuwa imetoka kwa huu mulango na miguu yake." Hakuna aliyecheka. Wazee walitazama ile 404 juu ya matofali, pua yake ikiwa tupu, na mmoja wao akasema "Inshallah" kwa namna watu wanavyoisema kwa mgonjwa mahututi.

Byamungu alijaza chuma kwenye pengo kwa kuchomelea, akaturudishia pinyo ikiwa na nundu pale palipotakiwa jino. Nundu hiyo Mama Aziza aliifunga kwenye jiliwa, akavuta kigoda, akaanza. Hakuwahi kushika tupa maisha yake. Nilimwonyesha jinsi ya kusukuma kwa mikono miwili na kuinua wakati wa kurudi, nikamkatia kipimo kutoka kwenye bati la kopo la maziwa, chenye umbo la jino zima la jirani. Siku za mwanzo mikono yake ilivuja damu. Alifunga vitambaa na kuendelea. Alikuwa amefunga Ramadhani, hanywi maji, na joto la bondeni mnalijua. Lakini alikaanga mandazi yake ya futari, akasali, akarudi kwenye tupa. Kuwekea alama, mafundi wenye duka hutumia rangi maalum ya buluu. Sisi hatukuwa nayo. Alikwangua masizi kwenye mgongo wa sufuria, akayachanganya na mawese kidogo mpaka yakawa uji mweusi, akaupaka kwenye pinyo mwenza. Tukizizungusha pamoja kwa mkono, pale palipogusa panaachwa doa; hapo ndipo panapotakiwa kuliwa na tupa, unywele mmoja tu. Paka, zungusha, tazama, kwangua, paka tena. Majirani walianza kuja kuchungulia. Wanawake walikaa naye wakimenya viazi, wakipashana habari za mtaa, nani amekimbia, nani amerudi, nani amejifungua, na sauti ya tupa ikipita katikati ya mazungumzo yao kama sauti ya mtu mmoja zaidi.

Jino lile la kwanza lilikufa mikononi mwetu. Lilipokuwa sawasawa, tulilichoma kwenye makaa mpaka likawa jekundu, tukalizamisha kwenye maji ili likazwe. Likalia kidogo, mlio mwembamba, na ufa ukapita chini yake. Nilitupa koleo. Mama Aziza aliishika pinyo ikiwa bado na joto, ndani ya kitambaa, akaigeuza mara nyingi. Nilidhani sasa atalia, na kama angelia ningechukua begi langu, maana nilikuwa nimechoka vibaya. "Maji ni kali sana kwake," akasema mwishowe. "Kama kikaango ya udongo: ukiitoa kwa moto ukaimwagia maji, inapasuka. Tutumie mafuta." Akampelekea Byamungu pinyo siku hiyo hiyo kwa miguu, na Byamungu akakubaliana naye, akaongeza kwamba kosa lilikuwa pia la kuchomelea chuma kikiwa baridi. Alikiondoa kile cha zamani, akaipasha pinyo moto kwanza, akachomelea upya. Mama Aziza akavuta kigoda. Akaanza mwanzo. Sikuligusa tena begi langu, na sikumbuki hata siku niliyolitoa chini ya kitanda.

Jino la pili tulilizamisha kwenye mafuta machafu ya injini. Moshi ulijaza ua, likatoka jeusi, kimya, zima. Baada ya hapo kazi ilikimbia. Byamungu alitukereza bushi ya shaba kutoka kwenye kipande cha mashua kuukuu, ya kuunganisha ncha ya bwati na injini ile ngeni. Mimi niliinua injini kwa mnyororo na boriti, Mama Imelda mwenyewe akiwa ameshika kamba na kuamrisha kila mtu kama vile tunazalisha. "Polepole! Musisukume! Ngojeni iteremuke yenyewe!" Vyuma vya ndani vya bwati vilifungwa na Mama Aziza, mezani, mimi nikimpa kimoja kimoja. Alipokaza skrubu ya mwisho alizungusha ncha kwa vidole viwili, ikazunguka bila kukwama mahali, na akasema "Alhamdulillah" chini ya pumzi, kama anamshukuru Mungu kwa jambo la siri.

Tulitoka mlangoni siku ya tatu ya Idi, asubuhi, watoto wa mtaa bado wakiwa na nguo mpya. Mimi kwenye usukani, Mama Aziza pembeni yangu, Mama Imelda nyuma na rozari mkononi. Gari lilitetemeka kama trekta. Tulipanda kuelekea kaskazini. Kwenye kizuizi askari mmoja akainama dirishani, akauliza mbona 404 inalia kama lori. Mama Imelda akamjibu kwamba ina kifua. Askari akacheka, akatuachia. Mbele kidogo lami iliisha na mlima wa Gasenyi ukaanza, mwekundu, uliochimbwa na mvua. Nilivuta mkono wa gia, nikaitia ya pili. Mama Aziza alikuwa ameweka kiganja chake sakafuni, juu ya bwati, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Gari lilishika mlima likapanda, bila kuruka, bila kulia, mpaka juu kabisa ambako watu wa Gasenyi walikuwa wametoka majumbani kwa kusikia mlio wasioujua. Nilimtazama Mama Aziza. Alikuwa anatazama mbele, na machozi yalikuwa yanateremka bila yeye kuyajali. Yalikuwa ya kwanza niliyoyaona tangu mumewe avuke Gatumba.

Tuliporudi tulimkuta shemeji Saidi amekaa kwenye kigoda cha kuchongea, peke yake safari hii. Alisimama akalizunguka gari. Akafungua boneti, akainama, akasikiliza injini ikizunguka taratibu. Tulikuwa tumejiandaa kwa mabishano. Mama Aziza alikuwa ameshajifunga kanga vizuri kiunoni. Saidi alifunga boneti kwa mikono miwili, akajifuta, akamtazama shemeji yake. "Mama Aziza," akasema, "lori yangu inaruka gia ya tatu." Akamjibu: "Ilete." Basi. Habari ya eda haikutajwa tena uani pale, na lori lile likafuatiwa na mengine.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya mimi kuwa fundi. Nilijifunza kutoharakisha chuma. Mama Imelda alikuwa akipita na gari mara kwa mara, na asubuhi moja ya mvua alisimama mlangoni, akafungua mlango wa nyuma, tukamwona mama kijana amelala kwenye kiti amejifunika blanketi, amechoka, na kifuani kwake kitoto chekundu kilichokunja ngumi. Walikuwa wanarudi kwao kutoka hospitali. "Nilitaka tu mumuone," alisema Mama Imelda. "Njia ilikuwa tope tupu, na mutoto alikuwa amelala vibaya. Kama tungekuja na ngobyi, saa hii nazika watu wawili." Mama Aziza alimshika mtoto na mikono yenye mafuta, akaomba msamaha kwa mafuta hayo, na yule mama kijana akasema kwa Kirundi neno ambalo sote tulilielewa, kwamba ayaache tu.

Hamza alirudi kiangazi. Aliingia mlangoni mchana, wakati wa chakula, amekonda hata sikumtambua, ndevu zimekuwa nyeupe. Alikuwa amefika Fizi, kusini ya Uvira, kwa miguu, akaugua huko, akavuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Kigoma, akarudi pole pole kwa njia anazozijua Mungu. Mama Aziza alikuwa mezani, mikono ndani ya bwati ya mtu. Walitazamana. Na neno la kwanza la mwanamume yule, baada ya yote aliyoyapitia, lilikuwa la kuomba radhi: "Pinyo sikuipata." Mama Aziza akasema, "Kaa kwanza, ule." Akamnawisha mikono mwenyewe, akamtengea, akakaa karibu naye akimtazama anavyotafuna, na mimi nikatoka nje nikaenda kukaa barabarani, maana ua ule, kwa mchana mmoja, haukuwa wa mtu mwingine.

Siku alipopata nguvu za kusimama mezani, mtaa mzima ulikuja kuangalia itakuwaje. Mama Aziza alimwona anakuja, akaanza kuinuka kutoka kwenye kigoda. Hamza akamwekea mkono begani. "Kaa," akasema. "Maliza kazi yako." Akaketi kwenye benchi la wateja, akasubiri zamu yake ya jiliwa. Tangu siku hiyo garaji ile ilikuwa na mafundi wakuu wawili, na mimi nikaona naweza kwenda Kigoma kufungua yangu.

Watu walipopungua kwenye mkeka, Jumamosi ile, nilisogea kando ya Hamza. Ni mzee sasa, miguu imevimba, masikio yamezibika. Foleni ya watu ilikuwa imempita tangu jana ikimwambia pole, na alikuwa akiitikia kila mmoja kwa neno moja, macho makavu. Nami nikampa pole kwa kufiwa na mke. Akaniinamia. "Ahsante, mwanangu. Wote wananiambia ivo. Pole ya bibi, pole ya mama ya mutoto wako. Ni kweli, nashukuru." Vidole vyake vikachezea ukingo wa mkeka. "Lakini hakuna mutu mwenye ameniambia pole ya fundi wangu. Mi nimepoteza fundi, Shabani. We unajua."

"Najua, Muzee," nikamwambia. "Pole na fundi wako."

Hapo ndipo aliponishika mkono, akalia.